Nyuzi za Mama, Samli ya Babu

Juzi kijana anayepiga besi kwenye kwaya yetu alikata nyuzi za gitaa kwa koleo, akazikunja, akazitupa kwenye ndoo ya taka. Nikamuuliza zimefanya nini. Akasema, "Anti, hizi zimekufa, hazina sauti." Niliinama nikaziokota. Zilikuwa na ile harufu ya chuma kilichokunywa jasho la mikono, na hapo hapo nikawa mtoto wa darasa la tatu uani kwetu Kitaji, Musoma, nimechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, nachungulia sufuria. Nilitaka kumwambia yule kijana kwamba mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo nyuzi hazikuwa zinakufa hovyo. Nikaona ana haraka zake, nikamwacha.

Mama yangu alikuwa mpiga besi. Nalisema taratibu kwa sababu mpaka leo kuna watu nikiwaambia wananikodolea macho. Mama alikuwa analivaa gitaa begani, mkanda umepita juu ya kitenge, anasimama kushoto kwa ngoma, hacheki wala hatingishiki, na kwaya nzima inatembea juu ya vidole vyake. Alijifunza kwa kaka yake huko kwao Majita, kabla hajaolewa na baba yangu, Mzanaki wa Butiama aliyekuwa anatengeneza redio mjini Musoma. Ninyi wenzangu mliosali Musoma miaka ile mnakumbuka. Wanawake waliopiga besi ungewatafuta mkoa mzima, na mmoja alikuwa ananipikia uji.

Jumapili alikuwa mpiga besi, lakini kuanzia Jumatatu alikuwa mama wa dagaa. Alikuwa na meza yake sokoni Mwigobero, na kutwa nzima mikono yake ilikuwa ndani ya dagaa, inachota, inamimina kwenye kopo, inachota tena. Dagaa mkavu ana mafuta yake, ana vumbi la magamba, ana mchanga wa ufukweni. Mama alikuwa anaosha mikono kwa limao na majivu kabla ya kugusa gitaa, anasugua mpaka ngozi inapauka, lakini dagaa ni dagaa. Nyuzi za besi zimesokotwa, uzi mwembamba umezungushiwa juu ya uzi mnene, na katikati ya ile misokoto uchafu unaingia unajificha. Uzi ukishashiba uchafu haulii tena. Unanguruma tu kama mtu mwenye mafua. Na nyuzi mpya Musoma zilikuwa hazipatikani, ilikuwa mpaka mtu aende Mwanza, na hata huko arudi na bahati.

Kwa hiyo mama alikuwa anachemsha. Tulikuwa na sufuria moja iliyobonyea ubavuni, tunaiita sufuria ya besi, na ole wake atakayesongea ugali humo. Analegeza uzi mmoja mmoja kwa kuzungusha funguo za gitaa, anautoa, anaukunja duara pana bila kuuvunja, anaufunga na kipande cha uzi wa kushonea. Maji yakichemka anazitumbukiza zote nne. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea jiko na kutokuuliza maswali, na ya pili sikuiweza. Maji yalikuwa yanaanza meupe, halafu yanakuwa rangi ya chai, halafu meusi kabisa, na juu kunaelea kitu kama povu la mchuzi. Akizitoa, anazikokota ndani ya kitambaa kikavu, anavuta kwa upande mmoja tu, kichwa kwenda mkiani, kisha anazilaza juu ya bati lililoshika jua. "Maji yakibaki ndani, kutu inaingia," alikuwa anasema. "Kutu ikiingia, hapo ndio imekufa kweli."

Mimi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu yale maji meusi. Kanisani tulikuwa tunafundishwa kwamba dhambi ni nyeusi na inaoshwa, na nilikuwa nawajua wanakwaya wetu walivyokuwa wanasemana kwenye mazoezi. Nikaamini kabisa kwamba wakiimba, dhambi zao zinaingia kwenye nyuzi za mama, na mama ndiye aliyepewa kazi ya kuzichemsha. Nilikuwa namuonea huruma kwa mzigo huo. Siku moja nilimuuliza kama za mwenyekiti wa kwaya zimo. Alicheka mpaka akaweka kitambaa chini, akasema, "Hizo ndizo zinagandaga chini ya sufuria."

Huyo mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye suti ya kijivu na sauti nzuri, nakiri. Lakini besi ya mama ilikuwa inamkera. Mwaka huo makwaya yalikuwa yanakutana Bunda, makwaya kutoka mkoa wote, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwaya yetu kualikwa. Jumapili moja baada ya ibada besi ilikuwa imelala kabisa, dagaa walikuwa wameingia wengi wiki ile, na mama hakupata nafasi ya kuchemsha. Mwenyekiti akasimama mbele ya watu wote.

"Mama Nyangeta," alisema, "sina ugomvi na wewe. Ila mikono ya dagaa inaua nyuzi. Bunda tunaenda na wewe kwa sababu tumeshajipanga. Lakini besi isiposikika kule, tukirudi gitaa linakwenda kwa Elia. Wewe utarudi sauti ya pili na wenzako."

Elia alikuwa kijana aliyemaliza shule juzi, na alikuwa na adabu ya kutosha kuangalia chini. Mama alisema, "Nimesikia, Mwenyekiti." Tulivyorudi nyumbani alipita moja kwa moja uani, na nikasikia anavyolia huku anasugua sufuria. Gitaa lilikuwa mali ya kwaya. Likienda kwa Elia limekwenda. Sikuwa nimewahi kumwona mama anaogopa kitu kabla ya siku ile, hata ziwa.

Wiki hiyo hiyo babu akaja kutoka Butiama. Baba yake baba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alikuwa anakujaga kwetu kutibiwa hospitali. Alikuwa mrefu, mkali, mtu wa ng'ombe, hapendi mji na anausema mbele yake. Kwao alikuwa mpiga litungu, kile chombo chetu cha Mara chenye tumbo la ngozi na nyuzi za kano za ng'ombe. Amepiga kwenye harusi na matanga ya nusu ya wilaya. Sasa fikiria, mzee kama huyo anaambiwa mke wa mwanae ndiye mpiga gitaa.

Jioni ya kwanza tu, mama akiwa jikoni, nilimsikia akimuuliza baba, "Mke wako bado anakamataga lile dude?"

"Anapiga, Baba. Anapiga vizuri."

"Kwetu mwanamke anacheza. Hapigi."

Baba akainuka kuwasha taa. Mimi nikalihifadhi neno hilo kifuani kama jiwe.

Mama na babu walikuwa hawazungumzi sana, si kwa ugomvi, kwa heshima. Mkwe ni mkwe. Akimpelekea chakula anapiga goti, anasalimia akitazama pembeni, anaondoka. Kupiga gitaa mbele yake ilikuwa haiwezekani kabisa, kwa hiyo mama akawa anafanya mazoezi uani, mlango umefungwa, bila spika. Besi bila spika ni kitu kidogo sana, unasikia kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Babu alikuwa anakaa barazani upande wa mbele, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza barabarani. Siku zote mama akianza kupiga, babu alikuwa anaacha kuongea. Mimi nilielewa kwamba amekasirika.

Mama akachemsha nyuzi siku mbili kabla ya safari. Alizichemsha kuliko siku zote, akazikausha, akazifunga, akazivuta kwa kidole uzi mmoja mmoja, kwa sababu uzi uliotoka kuchemshwa unakuwa mvivu, ukiukaza unalegea, inabidi uuzoeshe. Ilipofika jioni ziling'aa na zikalia vizuri mno. Alinitazama akatabasamu, akaliegemeza gitaa kwenye kona ya sebule.

Kesho yake mchana nilirudi mapema kutoka shule. Mama alikuwa Mwigobero, baba kazini. Nikamkuta babu sebuleni amekaa kwenye mkeka, gitaa la mama kalilaza mapajani, na pembeni yake kikopo cha samli aliyokuja nayo kutoka Butiama. Alikuwa anachovya vidole viwili kwenye samli, anapaka uzi kutoka juu mpaka chini, anarudia, anasugua kwa kidole gumba mpaka mafuta yanazama kwenye misokoto. Hakuwa na haraka. Midomo yake ilikuwa inatembea lakini sauti haitoki. Kwa yale macho yake hakuniona, alinisikia.

"Nani huyo? Nyangeta?"

"Ndiyo, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Hii ni kazi ya wakubwa. Usiende kuiongelea."

Mimi nilikuwa mtoto wa mpiga besi. Nilijua mafuta yanafanya nini kwenye nyuzi, ndio maana mama alikuwa anajichubua mikono kwa limao. Nikajua babu anaiua besi ili mama ashindwe Bunda, arudi sauti ya pili, acheze kama wanawake wa kwao. Nilitaka kusema. Lakini ungesemaje kwa baba kwamba baba yake ni mtu mbaya? Na mkubwa alikuwa ameshaniambia ninyamaze. Nilikwenda kukaa nyuma ya choo nikalia, nikarudi, nikala ugali wangu, na kila tonge lilikuwa kama udongo.

Asubuhi tuliondoka na Kosta ya kukodi. Babu naye akapanda. Alisema akitoka Bunda ataunganisha kwenda kwake Butiama, na kwamba amechoka kukaa. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko wake, mama kalikumbatia. Njia nzima wanakwaya waliimba. Mimi nilikaa nyuma ya babu nikitazama kisogo chake, na nilikuwa na maneno mengi ya kukiambia kile kisogo.

Bunda kulikuwa na watu kuliko niliowahi kuwaona. Turubai limefungwa uwanjani, spika zimepangwa, makwaya yamevaa sare za kila rangi. Babu akapewa kiti mbele kabisa kwa ajili ya macho yake. Sisi tukaenda nyuma ya jukwaa, ambako baba, kwa kuwa ni fundi, alikuwa ameshachomeka waya. Mama akalivaa gitaa, akapiga uzi wa juu, ule mnene.

Halikulia. Yaani lililia, lakini kama mtu amepiga mto wa kulalia. Akapiga wa pili, vilevile. Baba akaangalia waya, akaangalia spika. Mama akapitisha kidole juu ya uzi, akakileta puani. Alisimama hivyo, kidole puani, macho yake yakatafuta kule mbele alikokaa babu.

"Mama, ni Babu," nilinong'ona. Nilishindwa kujizuia.

"Nimeshanusa. Nyamaza."

Mwenyekiti naye alikuwa amesikia ile sauti. Akaja na suti yake. "Mama Nyangeta, nilisema mimi. Nilisema au sikusema? Elia yupo hapa na gitaa la kwaya ya Kitaji B, wako tayari kutuazima."

Mama akavua mkanda. Nilifikiri anampa. Kumbe alikuwa anakaa chini. "Mwenyekiti," alisema, huku ameshaanza kuzungusha funguo, "tukiitwa sijarudi, mpe Elia apige. Sitanuna. Ila hatujaitwa."

Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na mama lishe, mwanamke mnene mwenye kilemba, ana mafiga yake na masufuria yake yamepangwa. Mama alimfikia akitembea haraka, nyuzi mkononi, mimi nyuma yake.

"Dada, naomba maji ya moto na sabuni ya unga."

"Ya kufulia?"

"Ya kuchemshia hizi."

Yule mwanamke alizitazama nyuzi, akamtazama mama na sare yake ya kwaya. "Nipike waya kwenye sufuria ya chai? Dada yangu, nina wateja hapa."

"Mimi ni mpiga besi wa Musoma," mama alisema. "Nyuzi zangu zimeingia samli. Tunakaribia kuitwa, na nisipopiga leo sitapiga tena."

"Wewe ndiye mpigaji? Wewe mwenyewe?" Yule mama lishe akainua mfuniko wa sufuria kubwa, akamwaga chai yote chini, akajaza maji mengine, akachochea kuni. "Tumbukiza," alisema. "Chai watakunywa kesho."

Samli ikapanda juu ya maji, njano, na ile harufu ya maziwa ya Butiama ikatupiga usoni. Mama akamimina sabuni. Akakoroga kwa mwiko, akamwaga, akaweka maji mapya, akarudia. Tulizikokota kwa upande wa kitenge alichojifunga juu ya sare, kichwa kwenda mkiani, mimi nimeshika kichwa na yeye anavuta. Bati halikuwepo, tukazitandaza juu ya mfuniko wa moto. Wateja waliacha kula wakawa wanatutazama. Kule uwanjani kwaya iliyotutangulia ilikuwa imeshaanza wimbo wake wa mwisho.

Alizifunga akiwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa. Baba anakaza, yeye anavuta kwa kidole, anakaza tena, sikio limelalia mbao ya gitaa. Tulipoitwa, uzi wa mwisho ulikuwa bado unalegea. Alipanda hivyo hivyo, na nilimwona katikati ya wimbo wa kwanza akiinua mkono wa kushoto, anaukaza bila kukosa pigo.

Sitaweza kuwaeleza ile besi. Ilitoka safi. Ilikuwa inapita chini ya miguu yetu, unaisikia tumboni kabla haijafika sikioni, na sauti zote za kwaya zikapata mahali pa kukanyaga. Watu wakaanza kusimama. Kina mama wa makwaya mengine walisogea mpaka mbele ya jukwaa, wanamnyooshea vidole, wanaitana waje wamwone. Nilimwona yule mama lishe naye kaja, mwiko bado mkononi. Nilijisikia kifua kinatanuka mpaka nikaogopa vifungo vya gauni langu.

Nilikuwa nimesimama na baba karibu na spika. Nikamvuta suruali. "Baba, Babu anamchukia mama?"

Akainama. "Nani kakwambia?"

"Alipaka samli nyuzi ziharibike. Nilimwona jana. Alikuwa anapaka polepole na anaongea peke yake."

Baba akachuchumaa. Alikuwa hajui samli imetoka wapi, mama hakumwambia. "Alizipaka zote?" aliniuliza. "Kwa mkono wake?"

"Zote."

Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Halafu akanisemea sikioni, kwa sababu ya kelele. "Nyuzi za litungu ni za ng'ombe. Zisipopakwa mafuta zinakauka zinakatika. Kwetu mtu anayejifunza anajipakia mwenyewe, miaka yote. Siku mkubwa wake akikubali kwamba sasa anajua kupiga, anamchukulia chombo, anampakia yeye kwa mkono wake, anamwombea. Ndio basi, umekuwa mpigaji. Mimi nimepiga litungu pale nyumbani mpaka vidole vikapasuka. Kila nikimpelekea ananiambia bado." Akafuta uso kwa kiganja. "Mpaka leo niko kwenye bado."

Mimi nilitazama kule mbele. Babu alikuwa amekaa vilevile, fimbo katikati ya magoti, kichwa kakiinamisha upande mmoja. Kidole chake gumba kilikuwa kinapiga juu ya fimbo, kinafuata besi ya mama, hakikosei.

Walipomaliza, mama alishuka akaenda moja kwa moja kwa babu, akapiga goti kwenye lile vumbi na sare yake nyeupe. Mwenyekiti alikuwa ameshafika hapo, anapeana mikono na kila mtu, amekuwa mwenye besi ghafla. Babu hakungoja asalimiwe.

"Umesikia chombo kilivyolia?" alimuuliza mama. "Ulikuwa umezikausha mno. Nilikuwa nasikia kila siku kule uani, mkono mzuri lakini chombo kina kiu. Nikakipaka mafuta. Sasa si umesikia?"

Mimi nikafungua mdomo. Mkono wa baba ukatua kichwani kwangu, mzito. Mama alikuwa ananuka sabuni ya unga mpaka viwiko, na kitenge chake kilikuwa na michirizi myeusi ya nyuzi. Mwenyekiti alimtazama. Elia alimtazama. Wote walimwona akichemsha.

"Nimesikia, Baba," mama alisema. "Asante kwa mafuta."

Babu akageuza uso kutafuta ile suti ya kijivu, ambayo sidhani kama aliiona vizuri. "Na wewe mkubwa wa hawa waimbaji. Chombo nimeshampakia mimi. Msimguse tena." Mwenyekiti akasema, "Hapana, Mzee, hatuwezi," na kweli hawakuweza, mama alipiga besi kwenye ile kwaya mpaka mimi naolewa.

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila alipokuja Kitaji kwa ajili ya macho, alileta kikopo cha samli, akaomba chombo, akakipaka chote kwa mkono wake, bila kuficha tena. Kila alipoondoka, kabla basi lake halijafika Makutano, mama alikuwa ameshabandika sufuria. Hatukumwambia. Wake za wanawe wengine babu alikuwa anawapelekea maziwa na kuku. Mama yangu alipelekewa kazi ya siku nzima, kuchemsha, kukokota, kuanika, kukaza, na ungemwona anavyoifanya, uani, mlango wazi, ili majirani wamuulize ni nani amempakia samli nyuzi zake.